Kwa anayeanza kutengeneza programu za runinga shirikishi

Swali la kwanza la wageni wengi katika kazi hii ni fremuweki gani (msimbo ulio tayari wa kujengea programu) wajifunze. Mimi huwashauri waanze na runinga yenyewe, kwa kuwa fremuweki huja na kupita ilhali masharti ya kifaa hayabadiliki sana. MHP, kiwango cha programu za runinga kutoka DVB, muungano wa viwango vya runinga ya kidijitali, kilitoka mwaka 2000 na kujengwa juu ya lugha ya Java. Ginga, mfumo wa aina hiyo wa Brazili, ulileta lugha ya NCL ikisaidiwa na lugha ya Lua. HbbTV, ambayo ETSI, taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano, iliichapisha kama kiwango mwaka 2010, ikachukua lugha za tovuti, HTML na JavaScript. Ukizisoma kwa makini utaona kwamba zote zinajibu maswali yale yale: programu huanzishwa na nani, hupokea vitufe gani, na huondoka lini.

Swali hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Aliyezoea tovuti hudhani ukurasa utadumu mpaka mtumiaji aufunge, lakini programu iliyofungamana na matangazo huishi kwa idhini ya chaneli. Mtazamaji akihama chaneli, kifaa husoma jedwali liitwalo AIT, yaani orodha ya programu za chaneli hiyo, linalosafiri ndani ya mawimbi pamoja na picha na sauti, na kama programu yako haimo humo, huizima. Katika MHP hatua hizi zilionekana wazi ndani ya Xlet, yaani programu ya Java ya runinga: initXlet (kuandaa), startXlet (kuanzisha), pauseXlet (kusitisha) na destroyXlet (kuondoa). Hata kama hutaandika Java kamwe, zisome hizo nne, kwa sababu zinakuzoesha kuhifadhi hali ya mtumiaji mapema na kuachia kumbukumbu na video kabla hujalazimishwa.

Kuhusu rimoti nina msimamo mkali: fremuweki isiyosimamia vizuri fokasi, yaani alama inayoonyesha kitu kilichochaguliwa kwenye skrini, haifai, hata iwe na sura ya kupendeza kiasi gani. Chukua ukurasa wenye safu za picha zisizolingana urefu. Mtazamaji yuko kwenye picha ya saba na anabonyeza mshale wa chini, lakini safu inayofuata ina picha nne tu. Fokasi iende wapi? Na akifungua maelezo ya filamu kisha akarudi, je, atairudia picha aliyoiacha au atarushwa mwanzo wa ukurasa? Jaribu mambo haya mawili kabla ya kusoma sifa nyingine zozote. Katika HbbTV kuna la ziada: programu hutangaza vitufe inavyovihitaji. Ikiwa inaonyesha kidokezo kidogo tu cha kitufe chekundu, isiombe zaidi ya hicho chekundu, la sivyo itamnyang'anya mtazamaji vitufe anavyovitumia kwa mambo mengine.

Ukituma mafaili kwa njia ya matangazo badala ya intaneti, piga hesabu ya karuseli, yaani mzunguko wa kuyatuma mafaili hayo, mapema. Data hurudiwa kwa mzunguko, hivyo megabaiti 1 kwenye njia ya kilobiti 500 kwa sekunde huchukua takriban sekunde 16 kumaliza duru moja, na kisimbuzi kilichokosa faili husubiri lipite tena. Ndiyo maana faili la kuanzia liwe dogo na lirudiwe mara nyingi kuliko mengine.

Yote haya yapime kwenye kifaa dhaifu na cha zamani kabisa unachotakiwa kukihudumia, na ufanye hivyo tangu wiki ya kwanza, kwani kivinjari cha kompyuta kitakufichia uzito wa msimbo wako mpaka siku ya kukabidhi kazi.