Mkunjo wa elipti na fomu ya moduli hukutana wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili hapa Lamu. Nimesoma kwamba thiorema ya mwisho ya Fermat (kwamba xⁿ + yⁿ = zⁿ haina suluhisho la namba kamili chanya n ikizidi 2) ilithibitishwa kwa kuonyesha kuwa mikunjo fulani ya elipti "ni ya moduli". Mlinganyo wa aljebra unahusianaje na jumla isiyo na kikomo ya namba changamano?

Jibu: Mwalimu, vitu hivyo viwili hutoa orodha moja ya namba, na utaliona jambo hili vizuri zaidi ukishika kalamu. Chukua mkunjo wa elipti y² + y = x³ − x². Kwa kila namba tasa p, hesabu jozi za x na y, kuanzia 0 hadi p − 1, ambazo pande zote mbili zikigawanywa kwa p hubakisha baki ileile, kisha toa idadi hiyo kutoka kwa p. Kwa 2, 3 na 5 utapata jozi 4 kila mara, na kwa 7 utapata 9. Kwa hiyo tofauti ni −2, −1, 1 na −2.

Sasa uweke mkunjo kando. Zidisha q kwa (1 − qⁿ)²(1 − q¹¹ⁿ)² kwa kila n kuanzia 1 bila kikomo. Ukifungua mabano utapata q − 2q² − q³ + 2q⁴ + q⁵ + 2q⁶ − 2q⁷, na kuendelea. Zitazame namba zinazotangulia q², q³, q⁵ na q⁷: ni zilezile, na hazitengani kwa namba tasa yoyote. Kwangu mimi, hili linastaajabisha kuliko thiorema ya Fermat yenyewe.

Jumla hiyo ndiyo fomu ya moduli. Kama bamvua na maji mafu yanavyotokana na mawimbi ya mwezi na ya jua yanayojumlishwa, kila qⁿ hapa ni wimbi linalojirudia, kwa kuwa q ni e^(2πiz), ambapo z ni namba changamano. Lakini ulinganifu wake ni mkubwa zaidi: ukiweka (az + b)/(cz + d) mahali pa z, ambapo a, b, c na d ni namba kamili, ad − bc = 1 na c hugawanyika kwa 11, jumla nzima huzidishwa tu kwa (cz + d)². Hiyo 11 ndiyo namba tasa pekee ambayo, ukihesabu kwa baki zake, mkunjo wetu hujikata wenyewe.

Mkunjo wenye fomu inayolingana nao hivi ndio unaoitwa “wa moduli”. Mwanahisabati Yutaka Taniyama aliugusia uhusiano huu mwaka 1955, na mwenzake Goro Shimura akaufafanua: kila mkunjo wa elipti wenye vigezo vya namba wiani una fomu yake. Mwaka 1986 Ken Ribet alithibitisha kwamba mfano wowote wa kupinga dai la Fermat ungezaa mkunjo wa elipti usio na fomu ya moduli. Andrew Wiles, akisaidiwa na Richard Taylor, alichapisha mwaka 1995 uthibitisho kwamba mikunjo ya aina hiyo haiwezi kukosa fomu. Mikunjo mingine yote yenye vigezo vya namba wiani ilikamilishwa mwaka 2001.

Wape wanafunzi wako p = 13: watapata jozi 9, na namba inayotangulia q¹³ ni 4.