Kabla Mtoto Mwenye Ulemavu wa Viungo Hajaanza Chekechea, Pitia Ratiba na Mwalimu

Wazazi wengi wanaonitafuta wanauliza kwanza: je, watampokea? Nawaelewa. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, na swali hilo nililibeba roho ikiwa mkononi. Lakini mtoto anaweza kuandikishwa, akaletwa kila asubuhi, kisha akashinda kwenye kona akitazama wenzake wakicheza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unataka elimu jumuishi katika ngazi zote, pamoja na marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji ya mwanafunzi. Marekebisho hayo hayaji yenyewe, lazima watu wakae chini wayapange.

Ushauri wangu ni huu: omba ratiba ya siku nzima, keti na mwalimu, mpitie kipindi kwa kipindi mkiulizana, hiki atakifanyaje pamoja na wenzake? Tulipofanya hivyo yalijitokeza mambo ambayo hakuna fomu iliyoyauliza. Nyimbo za asubuhi, kwa mfano, watoto waliimba wakiwa wamekaa sakafuni kwa duara. Mwanangu angebaki juu kwenye kiti mwendo chake, nyuma ya duara, akiangalia visogo. Tukakubaliana naye akae chini, kwenye kiti kifupi kisicho na miguu kinachomshika mgongo na mbavu, ili mikono ibaki huru kupiga makofi.

Mkao ndio ningeomba uupe muda kuliko jambo lolote. Mtoto ambaye mwili wake haujatulia anamaliza nguvu kwa kujizuia asianguke, hivyo habakiwi na nguvu ya kusikiliza hadithi wala kushika kalamu. Kwa watoto wengi, makalio yafike nyuma kabisa ya kiti, nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjike kama nyuzi 90, nyayo zikanyage mahali pagumu, na meza iwe usawa wa viwiko. Mwanangu miguu yake ilikuwa inaning'inia. Alipowekewa kibao cha kukanyagia, mkono uliokuwa umekaza ngumi ulilegea, akaanza kupanga vipande vya mbao. Mwalimu alikuwa akiamini hapendi mchezo ule. Vipimo vya mtoto wako atavitoa mtaalamu wa fiziotherapia. Akiweza kufika darasani, na afike, maana kiti cha kliniki si kiti cha darasa.

Hata mkao mzuri si wa kukaliwa kutwa nzima. Andikeni ni saa ngapi atabadilishwa, hasa mtoto mwenye mgongo wazi (aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri) asiyehisi sehemu za chini, kwa sababu ngozi yake inaweza kufanya kidonda bila yeye kulalamika. Watoto hao pia wamo hatarini zaidi kupata mzio wa mpira asilia, kwa hiyo mweleze mwalimu kuhusu maputo na glavu kabla ya sherehe ya kwanza.

Choo kisiachwe mwisho kwa sababu ya haya. Nani atamsaidia, wapi, kwa faragha gani, na nani atashika zamu huyo asipokuwepo? Kama mtoto anatumia mpira wa mkojo, yaani mrija wa kutolea mkojo, msaidizi afundishwe na muuguzi, asijifunzie kwa mtoto.

Mlangoni, kanuni inayotumika sana kwa njia ya kiti mwendo ni sentimita 12 za urefu wa mteremko kwa kila sentimita 1 ya kimo. Kidato cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180, na mbao fupi iliyoegeshwa ni hatari kwa anayesukuma na anayesukumwa. Vifaa vya kuchorea ni rahisi zaidi: bandika karatasi mezani isiteleze, viringisha sifongo kwenye kalamu ishikike.

Msaidizi naye apangiwe mahali pa kukaa. Akikaa kati ya mtoto na wenzake, watoto watazungumza naye badala ya kuzungumza na mwenzao. Mimi niliomba akae nyuma kidogo, na asijibu swali ambalo mtoto mwenyewe anaweza kulijibu, hata kama jibu linachelewa. Watoto wenzake wakiuliza kwa nini hatembei, wajibiwe kweli na kwa ufupi: misuli yake haipokei vizuri maagizo ya ubongo. Mara nyingi wanaridhika na kuendelea kucheza.

Panga kukutana tena na mwalimu wiki chache baada ya kuanza, kisha kila muhula, maana mtoto anakua na kiti kinambana. Mtoto naye aulizwe, kwa maneno, kwa picha au kwa kuonyesha kwa macho. Mwanangu alituonyesha kwamba amechoka kushangilia pembeni, anataka kurusha mpira. Mwalimu akaubadilisha mchezo, darasa zima likawa linarusha mpira likiwa limekaa.