Kopo la kunasa oili kwenye hozi ya brida (bomba la kupumulia injini)

SWALI: Fundi habari, gari yangu ina turbo na kila nikifungua hozi ya hewa nakuta oili imelowa ndani. Nataka kutengeneza kopo la kuinasa, chupa ya plastiki itafaa?

JIBU: Salama ndugu yangu. Plastiki achana nayo kabisa, joto la injini litailainisha na mvuto wa hewa utaikunja. Tafuta kopo la chuma lenye mfuniko wa kukaza, toboa matundu mawili, moja la hozi inayotoka valvu ya PCV (inayotoa mvuke wa oili ndani ya injini), lingine la hozi inayorudi manifoldi ya kuingiza hewa, na ndani weka wavu wa chuma ili mvuke ugonge pale oili idondoke chini, ila stilwuli laini usiweke maana nyuzi zake zinakatika zinavutwa mpaka kwenye silinda. Hozi ziwe za kuhimili oili, na pasivuje hewa popote, la sivyo sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) itayumba. Tena nakuomba sana, usizibe brida hata siku moja, presha itasukuma sili na oili itamwagika. Kopo likijaa haraka haraka, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), huenda ringi za pistoni zimeisha.