Kabla ya kuuliza bei, uliza maji

Msimu wa harusi umewadia na barua zimejaa maswali ya fungate za baharini huku Unguja. Walioandika "Mnemba bei gani?" bila tarehe wala idadi ya watu nimewaruka.

Shikamoo mzee. Tunafunga ndoa Dodoma Jumamosi, Jumatatu tuko Unguja, na siku ya baharini ni moja tu. Tumepanga asubuhi Nakupenda, mchana Mnemba, jioni pomboo wa Kizimkazi. Tutawahi?

Marahaba. Hamtawahi, na mtakachokiona zaidi ni kisogo cha dereva. Nakupenda, lile fungu la mchanga, iko mbele ya Mji Mkongwe, kisiwa cha Mnemba kiko kaskazini mashariki ng'ambo ya Matemwe, Kizimkazi ni kusini kabisa. Pomboo wenyewe hutafutwa asubuhi na mapema, si jioni. Chagueni sehemu moja, na msiniulize mimi ipi. Ulizeni maji.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa kwetu maji hupwa sana kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa saa 10 au 11 alasiri. Siku hizo asubuhi nendeni Nakupenda: fungu limetoka lote, mchanga mweupe pande zote, na mnaweza kupitia Changuu kuwaona kobe ambao ukoo wao uliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Ondokeni kabla maji hayajarudi, kwa sababu fungu hilo humezwa. Mkiangukia maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Saa 4 asubuhi maji yako juu na fungu limebaki kipande, mnakigombania na meza za pweza wa kuchoma za boti nyingine. Hapo Mnemba ndiyo afadhali, maana mkondo hauna nguvu nyingi na bi harusi hatakokotwa.

Ila Mnemba hamtashuka nchi kavu. Kisiwa kina hoteli binafsi. Wageni wa kutwa huogelea kwenye matumbawe na kurudi botini. Hakuna msimu unaopita bila bwana harusi kugombana na nahodha kwa jambo hili, na nahodha hana kosa.

Tumelipia chumba kinachotazama bahari Paje. Tumeamka, tumefungua pazia saa 4, bahari hakuna. Tumetapeliwa?

Maji yamekupwa. Yatarudi.

Swali hili nalijibu kila mwaka na kila mwaka linakuja na hasira ileile. Pwani yote ya mashariki, Bwejuu, Paje, Jambiani, ni tambarare hadi kwenye mwamba, na tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hufika kama mita 4. Maji yakiondoka yanakwenda mbali. Tena kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ratiba ya jana haikufai leo. Mtu anakagua picha 60 za chumba, anauliza kama kuna mashine ya kahawa, halafu hajui maji ya tarehe yake yanajaa saa ngapi! Anayetaka kuogelea kutwa aende Nungwi au Kendwa. Aliyekwisha lipa Paje avae viatu vya mpira, kwa sababu wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu wako kwenye madimbwi, na atembee taratibu.

Na atazame anapokanyaga. Zile kamba zilizofungwa kwenye vigingi ni mashamba ya mwani. Yule mama aliyeinama maji yakimfika magotini anafunga chipukizi moja moja kwenye kamba, na ana saa chache tu kabla maji hayajarudi. Halafu wanapita wapenzi wawili katikati ya safu zake, mmoja anakimbia, mwenzake anarekodi video. Salimieni, ombeni njia. Mkitaka kumpiga picha, muombeni kwanza, na akikataa amekataa.

Mume wangu hajui kuogelea lakini anaona haya kuvaa jaketi mbele ya watu. Anaweza kutazama samaki?

Anaweza, akiwa na jaketi mwilini, si chini ya kiti. Bila jaketi abaki ndani ya boti alinde mikoba. Na wewe dada, kabla hujapanda hesabu jaketi na uhesabu vichwa. Vikizidi vichwa, shuka, hata kama papasi, yaani dalali wa watalii, aliyewaleta anaapa kwamba nahodha wake amezaliwa baharini. Visiwa hivi vilizika watu wa meli ya Spice Islander mwaka 2011, na wa Skagit mwaka 2012. Haya ya mumeo itapona.

Kizimkazi tunaruhusiwa kuwashika pomboo? Rafiki zetu walisema nahodha wao aliwafukuzia hadi wakawakaribia kabisa.

Msiwashike. Rafiki zenu hawakutembezwa, walishiriki kuwinda. Ghuba ya Menai, hapo Kizimkazi, ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, na pomboo huja pale kupumzika na kunyonyesha. Ukimrukia kichwani na mapezi ya plastiki hapumziki. Nahodha mzuri hupunguza mashine mapema, huja kwa ubavu, hawakatizi njia, na huwaacha wao waamue kusogea. Mkikuta boti nyingi zimewazunguka, mwambieni asubiri au ageuze. Manahodha wanafukuza kwa sababu wageni wanatoa bakshishi nono wakifukuza, basi ninyi itoeni kwa asiyefukuza. Ubaya ni kwamba barua za kulalamika "hatukuona kitu" ni nyingi kuliko za kulalamika "tuliwasumbua", na watu wa boti wanalijua hilo.

Tunataka kuzamia kwa mtungi asubuhi ya mwisho, ndege ya Nairobi ni saa 8 mchana. Muda unatosha?

Wa kuwahi uwanjani unatosha. Wa mwili hautoshi. Ukizamia, naitrojeni huingia kwenye damu na misuli, na huhitaji saa nyingi kutoka polepole. Ukipanda ndege mapema hutoka kama mapovu, na yanaweza kukulemaza. Baada ya mizamo kadhaa acheni angalau saa 18 kabla ya kuruka. Wengi husema 24, nami nawaunga mkono. Zamieni siku ya kwanza, siku ya mwisho mtazame samaki juu juu kwa miwani na mrija. Hiyo haina tatizo na ndege. Atakayewauzia mbizi akijua saa ya ndege yenu, mkimbieni.

Mpiga picha wetu anataka tushike viti vya pweza, vile viumbe vya baharini vyenye umbo la nyota, kila mmoja chake, kama maua. Vinakufa kweli vikitolewa majini?

Vinapumulia majini. Picha ipigwe vikiwa humo humo.

Tumesikia kuogelea na papa potwe kunapita vyote hivyo. Tuko huru Juni.

Potwe ni Mafia, si Unguja, na wakati wao ni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, bahari ikiwa imetulia. Juni ni msimu wa upepo wa kusi, mtatapika hadi Kilindoni. Ahirisheni potwe, au ahirisheni harusi.