Anza na moto, kondoo baadaye

Mwalimu, umeuliza kama NetLogo, programu ya kuigiza kwenye kompyuta mambo kama moto wa msitu au maisha ya wanyama, itafaa klabu ya kompyuta huko Kongwa, mtandao ukiwa wa kubahatisha. Itafaa. Ni ya bure. Ipakue ukija Dodoma mjini, ibebe kwenye flashi, na ukishaisakinisha haidai bando tena. Uri Wilensky aliitoa mwaka 1999, na imekuja na maktaba ya mifano iliyo tayari, kwa hiyo usihangaike kuwafundisha kuandika msimbo siku ya kwanza.

Fungua mfano uitwao Fire, yaani msitu unaowaka kuanzia upande mmoja. Kila mti una kanuni moja tu: jirani wa kaskazini, kusini, mashariki au magharibi akiwaka, nao unawaka. Wape wanafunzi kitelezi cha wingi wa miti. Kwenye asilimia 50 moto hufia njiani. Kwenye 70 unavuka hadi ng'ambo. Mabadiliko hutokea ghafla karibu na 59, ilhali hakuna mti wowote ulioambiwa chochote kuhusu 59! Waache wabishane na kubashiri kabla hujabonyeza.

Kisha nenda Wolf Sheep Predation, mfano wa mbwa mwitu wanaokula kondoo. Bila majani kwenye hesabu, mara nyingi kundi moja hutoweka. Washa majani, halafu ongeza muda wa kuota upya, yaani kiangazi chetu hasa. Hapo watoto wa wafugaji wataanza kukukosoa (kondoo wa kwenye skrini hawahamishwi malisho), na ndipo uwaulize kanuni ipi iongezwe.