Gari la mbio za koni ni lile unaloendea kazini

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nataka gari moja tu la spoti. Jumatatu mpaka Ijumaa niendee kazini, Jumapili nikimbizie autokrosi, zile mbio za kupita katikati ya koni. Nimeona Corvette ya C6, nimeona S2000, nimeona GT86. Lipi lina kasi?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikashtukia nimefika mbali, nikaona bora niwaandikie wote. Najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo. Na mimi nina la moyoni kuhusu jambo hili, nalo nitalitoa leo.

Kwanza, ndugu yangu, yote matatu, Corvette ya toleo la sita, Honda S2000 na Toyota GT86, yana kasi. Tuliache hilo.

Autokrosi ninayoizungumzia ni ya lami: uwanja mkubwa wa kuegeshea magari au kiwanja cha ndege kisichotumika, koni zimepangwa, gari linaingia moja moja, saa inahesabu. (Ile ya vumbi na nyasi ina mambo yake, siigusi.) Mzunguko mmoja unachukua kama dakika moja, na kwa siku unapata mizunguko michache tu. Ukijumlisha, jua zima hilo umekanyaga mafuta dakika tano sita. Muda uliobaki uko kwenye foleni ukisubiri zamu, au umesimama uwanjani unaokota koni walizoangusha wenzako.

Sasa niambie, kwa dakika hizo tano utalijulia wapi gari lako? Utajua lini klachi inashika wapi, pua inaishia wapi, breki inajibu vipi lami ikiwa na unyevu? Utayajua ukienda kazini. Wengi huliona gari la kila siku kama sadaka unayoitoa ili ubaki na akili timamu nyumbani, yaani unapunguza kasi ili upate starehe. Mimi nasema zile safari za kila siku ndizo mazoezi yenyewe. Sisemi ukimbie barabarani, tusielewane vibaya. Nasema mkono na mguu vinalizoea gari hata kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa.

Mimi nilichukua GT86 ya kwanza, zile zilizotoka 2012. Injini ya lita 2.0 ambayo silinda zake zimelala, nguvu za farasi 200, uzito kama kilo 1,250. Rafiki yangu tuliyeanza naye mchezo alichukua gari la V8, injini ya silinda nane, nguvu za farasi zaidi ya 400. Basi kila tukikutana uwanjani anakuja, anagonga paa langu kwa vidole, anauliza kwa sauti watu wote wasikie: "Kiberiti chako kimeamkaje leo?" Watu wanacheka. Nami nacheka. Jamani, nilikuwa naumia. Anayekucheka ungekuwa humjui ungepuuza, lakini huyu amekula nyumbani kwangu.

Nilichokuwa nakiona, na yeye hakioni, ni kwamba gari lake lilikuwa linalala chini ya turubai wiki nzima. Klachi nzito, kwenye foleni mguu unatetemeka. Bampa linaparuza kila tuta. Mafuta ndiyo usiseme. Kwa hiyo kila Jumapili alikuwa mgeni ndani ya gari lake mwenyewe. Mimi langu nimelipitisha kwenye mvua, kwenye foleni za jioni, mtoto amekaa kiti cha nyuma magoti yamegusa kiti cha mbele, analalamika mpaka shuleni. Nililijua gari lile mpaka sauti ya feni yake.

Basi ikafika siku moja. Mstari wa koni za kupinda kulia kushoto, halafu kona ndefu ya kushoto, halafu mwisho. Yeye akatoka kona ya mwisho akakanyaga mapema, mkia ukatoka, akazoa koni mbili. Moja ikanasa chini ya bampa, akaiburuza mpaka mstari wa kumalizia, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa uwanja. Kwa kanuni za SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani, kila koni unayoangusha unaongezewa sekunde 2, na sisi tulihesabu vivyo hivyo. Lakini hata ukizitoa hizo sekunde 4, nilimshinda. Akasema ni matairi. Tulipokutana tena alikuwa amefunga matairi ya aina ileile kama yangu. Nikamshinda tena. Mpaka leo salamu yake ni ya kunipungia mkono kwa mbali, na kiberiti hakitajwi. Sijisifu, ila ukweli usemwe.

Turudi kwenye magari. Corvette hushinda mashindano makubwa Marekani, hilo silibishi, na injini yake, inayovuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole, ni tamu mno kwenye kona fupi. Lakini C6 ina upana wa mita 1.84 hivi, wakati Mazda MX-5 ya toleo la 2015 ina mita 1.735. Katikati ya koni, sentimita kumi ni nyingi. Gari pana halina njia nyingi za kuchagua, na kila koni inakulazimisha uzungushe usukani zaidi. Ukiwa na matairi mapya kila mara na umelizoea, utatisha watu. Ukiwa unaliogopa, utapitwa na Ford Fiesta ST, gari dogo tu. Na msidharau magari ya kuvuta kwa mbele, hiyo Fiesta ikiingia kona gurudumu la nyuma la ndani linaning'inia hewani na bado inapita.

S2000 ni gari la kuota. Tatizo ni kwamba injini ile ya lita 2.0 nguvu zake ziko juu kabisa, karibu na mizunguko 8,300 kwa dakika. Kwenye kona ya polepole, gia ya pili, unakanyaga na unasubiri. Honda wenyewe mwaka 2004 waliipeleka Marekani ikiwa na lita 2.2 ili ivute mapema. Kwenye foleni ni hivyohivyo, utakuwa unabadilisha gia mpaka bega liume.

MX-5, kama huna mtoto wa kumbeba, ndiyo jibu. Imekuwepo tangu 1989, hii ya 2015 ina kilo elfu moja na kidogo, na mafundi wanaijua. Tafuta yenye difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure, maana isiyo nayo, gurudumu la ndani litavuta moshi na muda wako unapotea. Kama una mtoto, GT86 au ndugu yake Subaru BRZ: ukilaza kiti cha nyuma matairi manne yanaingia, na nakuhakikishia mwenye kubeba matairi manne hubeba pia mboga, stroller ya mtoto na sanduku la shangazi.

Unapokwenda kuliona gari, nenda na helmeti. Watu hawafanyi hivi. Wanakaa, wanafurahi, wananunua, siku ya mashindano kichwa hakiingii, au kinaingia kimepinda kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. MX-5 ina sifa hiyo kwa warefu. Na kama ni la paa la kukunja, waulize kwanza wenye mashindano masharti yao juu ya paipu za chuma zinazokinga kichwa gari likipinduka, yanatofautiana.

Kingine: uliza gia ya pili inafika wapi. Autokrosi karibu yote ni gia ya pili. Gari ambalo gia hiyo inaisha karibu na kilomita 100 kwa saa litakuacha ushughulike na usukani, mikono miwili.

Usilichokonoe. Nawaona vijana, hata mzunguko wa kwanza hajakimbia, keshabadilisha springi, gari linadunda, mke hataki tena kupanda, kisha anagundua amejiingiza kwenye daraja la wenye magari yaliyobadilishwa zaidi. Daraja la Street la SCCA, lile la magari ya barabarani yasiyobadilishwa sana, halikuruhusu wewe uguse springi. Shokapu unaweza, stablaiza (chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona) moja ya mbele au ya nyuma unaweza, pedi za breki unaweza, matairi lazima yawe na namba ya uimara isiyopungua 200, ile iliyoandikwa ubavuni. Basi. Hayo yanakutosha kwa miaka. Na tairi la 200 unaweza kuendea kazini, ingawa litaisha haraka na kwenye maji mengi uwe na adabu.

Halafu nunua chaki. Ndiyo, chaki ya ubaoni. Ipake kwenye bega la tairi, pale mpira unapopinda kwenda ubavuni, toka ukimbie mzunguko mmoja, rudi uangalie. Matairi mengi yana pembetatu ndogo ubavuni. Chaki ikifutika mpaka pale, upepo uko sawa. Ikifutika kupita pale, ongeza. Isipofika, punguza. Nimeona watu wenye magari ya kifahari wanabishana upepo nusu saa, na chaki ingewanyamazisha.

Asubuhi ya mashindano toa kila kitu kwenye gari, na hapa ndipo gari la kila siku linapokusaliti: chupa ya maji, kiatu, kidoli. Chupa ikibingirika chini ya pedali ya breki kwenye kona, hakuna ufundi utakaokusaidia. Angalia nati za magurudumu na betri kama imefungwa imara, wakaguzi wataziangalia pia. Wakati wa kurudi nyumbani rudisha upepo wa tairi kama ulivyokuwa.

Na bima. Soma karatasi yako kabla hujajiandikisha, maana bima nyingi za kawaida hazilipi uharibifu uliotokea kwenye mashindano ya muda. Ukigonga nguzo ya taa uwanjani utalipa mwenyewe, na Jumatatu utakwenda kazini kwa miguu.