Mark X na koni nyuma ya bampa: mkuu usitume hiyo hela kwanza

Mkuu simama hapo hapo, usitume hela. Unasema una Mark X ile ya injini ya 4GR, kuna fundi anataka kukutolea boksi la eya klina la kiwandani akufungie bomba la alumini lenye koni (ile filta ya wazi yenye umbo la koni) linaloshuka mpaka nyuma ya bampa, eti hewa ya kule chini ni ya baridi gari itachomoka, na unauliza kipi bora kati ya hilo bomba na boksi lilivyokuja, wese litapungua kiasi gani, na kama ubadilishe na eksozi kabisa. Muulize kitu kimoja tu huyo fundi: mdomo wa kuvuta hewa utakaa usawa gani kutoka barabarani? Akianza kukueleza habari ya mlio, ondoka.

Toyota hawakuweka ule mdomo juu, karibu na kichwa cha rejeta, kwa bahati mbaya. Ukifungua boneti utauona, uko usawa wa taa. Maji yakifika pale ujue gari lishakuwa mtumbwi. Bomba la fundi linauchukua ule mdomo linaupeleka nyuma ya bampa usawa wa taa za ukungu, na sisi tunaishi Dar, mji ambao masika ikishika Machi mpaka Mei, Jangwani panafungwa, Mkwajuni hapapitiki, na Mikocheni barabara inageuka mto ndani ya nusu saa.

Mimi nilifungiwa hilo bomba kiangazi, na niseme ukweli gari lilinguruma vizuri, kila mtu akasifia. Ikaja Aprili. Natoka kazini jioni napita Mikocheni, maji yamejaa barabarani lakini siyo ya kutisha, hayajafika hata kizingiti cha mlango, mbele yangu Toyota IST inapita taratibu inakwenda zake, nyuma bajaji. Nikaingia mwendo wa mtu anatembea. Katikati gari likakohoa, likazima. IST ile ilishatoka upande wa pili kitambo, gari dogo kuliko langu, ila mdomo wake uko juu pale pale ulipowekwa Japani.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo injini ilipofia. Nikampigia simu fundi aliyenifungia, nikamwambia limezima kwenye maji. Jibu lake: "Bosi hizo ni plagi zimelowa, piga stata tu, itashika." Nikapiga, stata ikagonga ko! ikanasa. Nikamwambia imenasa, akasema rudia. Nikarudia, ikashika kidogo, ikapiga ko ko ko kama nyundo, ikazima moja kwa moja, na vijana waliokuja kusukuma ndio wakanionesha oili inaelea juu ya maji chini ya gari. Konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ilishapinda ikakatika ikatoboa bloku.

Hewa inagandamizika, maji hayagandamiziki. Chukua sindano ya hospitali ujaze maji, ziba mbele kwa kidole, sukuma uone. Ile 4GR ni cc 2,499 kwa silinda 6, mgandamizo wake ni 12 kwa 1, piga hesabu: pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni cc 38 hivi. Vijiko vitatu vya chakula vya maji ndani ya silinda moja vinatosha kuizuia pistoni isifike juu, na hapo kitakachokubali kupinda ni konrodi. Tulipofungua bampa koni ilikuwa imelowa chapa, imejaa mchanga na kipande cha nailoni, ukiiinamisha inamwaga maji ya matope.

Gari likimeza maji HUPIGI STATA. Unazima swichi, linasukumwa pembeni, fundi anafungua plagi zote sita, hapo ndipo stata inazungushwa ili maji yatoke kwenye matundu ya plagi, oili inakaguliwa kama imekuwa kama maziwa, inabadilishwa. Mwenye kujua angeniambia hivyo kwenye simu na pengine leo ningekuwa na injini yangu ile ile. Badala yake nikanunua injini ya mtumba, nikalipa kufunga, nikahangaika na namba ya injini kwenye kadi, na yule bwana akanitazama usoni akasema "si ungepita njia nyingine bosi." Njia ipi Mikocheni mwezi wa nne? Alinifungia kitu cha kuvuta maji kwenye mji wa mafuriko, hakusema neno, tena kuna vali maalumu ya sifongo wenzetu wanaweka juu kwenye bomba ili mdomo ukizama injini ivute hewa pale juu, hata kuitaja hakuitaja. Inaniuma mpaka leo, na nikiona mwingine anaambiwa maneno yale yale kwa sauti ile ile siwezi kunyamaza.

Huyo fundi wako atakwambia basi nakufungia ile fupi, koni inakaa ndani ya boneti, haifiki maji. Kweli haifiki maji, ila inavuta joto la injini. Hewa ya nje Dar tuseme ni nyuzi 30, ndani ya boneti kwenye foleni ya Ubungo ikifika 60, hewa inayoingia imepungua uzito kama asilimia 9. Umelipa hela upunguze hewa. Mlio utapata, nguvu hupati, na injini isiyo na turbo kama yako boksi la kiwandani halijaibana kiasi hicho anachokwambia.

Alafu kuna sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Kompyuta ya gari inajua kipenyo cha bomba la kiwandani. Ukimpa bomba pana zaidi, hewa inapita taratibu kwenye sensa, sensa inasoma hewa kidogo kuliko iliyoingia, wese linawekwa pungufu, baadaye taa ya cheki injini inawaka, ukipima kwenye mashine unakuta kodi P0171, yaani wese ni pungufu kwa hewa iliyopo. Zile koni za pamba za kupaka oili nazo, fundi akipaka nyingi inaruka inaenda kuganda kwenye waya wa sensa. Na kama unakaa Goba ndani au Chanika kwenye vumbi, koni ya bei rahisi inapitisha mchanga mwembamba unaokula ringi za pistoni taratibu.

Kwa hiyo mdomo ubaki pale pale ulipo. Nunua filta ya karatasi mpya orijino uweke ndani ya boksi lako, na angalia lile bomba la mpira kati ya boksi na injini kama halijapasuka kwenye mikunjo, Mark X nyingi za umri huu limepasuka na mtu anadhani gari limechoka. Safisha sensa kwa dawa yake, usiiguse kwa kitambaa.

Na kama huyo jamaa alishafungua kitu, nenda leo ukachukue boksi lako na kile kimdomo chake cha mbele na klipu zote. Usimwachie akutunzie, analiuza. Langu nililikuta halipo, nikazunguka Ilala kwenye spea za mtumba kutafuta lingine, na nilipolipata halikuwa na klipu.